Usafi wa Siku ya Ndege

Mpaka leo nikiona jiwe limepakwa chokaa, roho inanichafuka. Walimu wenzangu wanasema ni uzee, na wengine wananitania kwamba mwalimu wa Jiografia ameanza kugombana na mawe. Waache wacheke. Nitaeleza ilivyokuwa, na kijiji sitakitaja kwa sababu nataka kuendelea kuishi humo. Inatosha kusema tuko chini ya Mlima Hanang, si mbali na Gendabi, mahali ambapo mkulima akikohoa mfugaji anamwambia pole.

Kwanza niseme kinachoniudhi siku zote. Ukimwambia mtu kwamba unapenda kuangalia ndege, anakuuliza ulienda hifadhi gani. Kichwani mwake ndege wa kuangaliwa ni mbuni, ni korongo, ni wale wekundu wa ziwani ambao lazima uwafuate kwa gari la kufunguka paa. Hawa wadogo wanaotua kwenye kamba ya kuanikia nguo hawamo. Hata walimu, watu waliosoma, wanakwambia, "Aa, hivyo si videge tu." Videge tu! Kandege kepesi kuliko kipande cha chaki kametoka Ulaya kukimbia baridi, kamevuka bahari, kamevuka jangwa lote lile tunalolichora ubaoni, kamekuja kutua kwenye mti wa jirani yako, halafu wewe unasema "tu".

Mimi niliyaanza haya kwa bahati. Nilipangiwa kazi huku nikitokea Tabora, nikiwa na sanduku la bati na nia ya kuomba uhamisho baada ya miaka miwili. Uhamisho sikuuomba. Mwaka wa tatu mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa anafundisha Baiolojia aliondoka akaniachia darubini yake. Kioo kimoja kina ufa, kwa hiyo naangalia kwa jicho la kulia, la kushoto nalifumba. Ndivyo nilivyojifunza ndege, nusu nusu.

Vituo vyangu sikuonyeshwa na mtu. Nyaya za umeme za Katesh nilizigundua nikisubiri basi: mwezi wa tatu mbayuwayu wanajipanga hapo kwa mamia kabla ya kurudi kwao, na abiria wote wameinamia simu. Mashamba ya Mogitu yaliyolimwa karibuni ni ya yule anayesimama juu ya bonge la udongo akitikisa mkia, akiruka unaona kiuno cheupe pe. Nyuma ya mashine ya kusaga kuna mgunga mmoja, na humo mwezi wa kumi na mbili hupita yule mwenye mgongo wa rangi ya tofali, anayechoma panzi kwenye miiba kama mishikaki. Na nina rafiki, mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo, yuko Tumati kule Mbulu. Yeye ananitumia sauti za ndege wake kwa WhatsApp, na kila mwaka anadai kwamba wa kwake wamefika kabla ya wangu. Tunabishana kama watu wa Simba na Yanga.

Lakini kituo cha vituo vyote kilikuwa ua wa jirani yangu.

Jirani yangu ni bibi mjane, Mmbulu, mkulima wa mahindi na maharage. Nyumba ninayopanga imepakana na shamba lake. Upande wa pili wa shamba anaishi mzee mfugaji, Mbarabaig, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kati yao palikuwa na ua mrefu wa minyaa na miiba, umesukwa na mimea ya kutambaa hadi huwezi kupitisha mkono. Ua huo haukuota wenyewe. Zamani ng'ombe wa upande ule waliingia kwenye mahindi ya upande huu, fimbo zikanyanyuliwa, wazee wakakaa kikao siku mbili. Uamuzi ulikuwa kwamba marehemu mume wa bibi na yule mfugaji, wakati huo wote ni vijana, waupande ua pamoja kwa mikono yao, kila mmoja akichomeka mche wake karibu na mche wa mwenzake. Tangu hapo hakuna aliyekata hata kijiti bila kumwambia mwenzake. Kwa hiyo ua ukanenepa, na ndege wakaujua.

Humo ndimo alimokuwa anafikia mgeni wangu. Ni kandege ka kijani kilichopauka, tumbo la njano kidogo, na mstari juu ya jicho. Jina lake la Kiswahili silijui na sitajifanya najua. Bibi alikuwa anakaita "kageni". Kanafika Novemba mvua za kwanza zikianguka, kanakaa humo kakitafuta wadudu kwenye majani, na mwezi wa tatu, kabla ya kuondoka, kanaimba wimbo unaoanzia juu na kushuka taratibu hadi unaisha. Miezi mingine kanatoa mlio mmoja tu, hwiit, kama mtu anayekuita bila kutaka wengine wasikie.

Bibi macho yake yamefifia siku nyingi. Kageni hakuwa anakaona, alikuwa anakasikia. Na hapa ndipo palipo na jambo: bibi hapandi mpaka akasikie. Mvua ya kwanza ikinyesha majirani wanakimbilia majembe, yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni na kutega sikio upande wa ua. "Mvua inadanganya, mwalimu," aliniambia mwaka wangu wa kwanza. "Inanyesha siku mbili, inaondoka, mbegu inaoza. Hako kageni hakadanganyi. Mume wangu alipanda kwa hako, mama yake mume wangu alipanda kwa hako." Mimi mwalimu wa Jiografia nilitabasamu kwa kiburi. Mwaka huo nilipanda bustani yangu kwa mvua, ikakauka. Yeye alivuna.

Sasa tuje kwenye Machi ya mwaka jana.

Rafiki yangu wa Tumati alinipigia simu. Kulikuwa na wageni wamefika kwao, watu wanaozunguka sehemu mbalimbali wakihesabu ndege wasafiri, wageni wa nje wawili na Watanzania watatu. Aliwaambia habari za ua wa bibi. Wakavutiwa. Wangepita kwetu Jumamosi, asubuhi mapema, waangalie, waandike, waondoke.

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Miaka yote hiyo ya kuitwa mwalimu wa videge, leo watu wanasafiri kuja kuangalia kandege kangu! Nikaenda kwa bibi kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Umekuja na mbio, kuna nini?"

Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Hao wageni hawatakata kitu?"

"Hawatakata hata kijiti, bibi. Watasimama mbali na kuangalia. Naapa."

"Basi waje," akasema. "Waje wamsikie."

Mgeni haingii kijijini bila serikali ya kijiji kujua, huo ndio utaratibu. Nikaenda ofisini. Mwenyekiti alinisikiliza, akasimama, akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono. Siku hiyo hiyo kamati ya mapokezi ikaundwa, watu saba. Niliwaambia wazi: wageni hawataki sherehe, wanataka utulivu, na mbuzi wafungwe asubuhi hiyo. Nikawapeleka mpaka kwenye ua, nikawaonyesha kwa kidole: ni hapa, ndege wako humu ndani. Mwenyekiti akautazama ua kwa muda, mikono nyuma. "Humu?" akauliza. Nikasema ndiyo, humu humu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jambo la aibu. Nilikiona kile kichwa. Nilikiona na sikukisoma.

Ijumaa niliitwa Katesh kwa kazi ya kusahihisha mitihani. Nilimaliza alasiri, nikapanda pikipiki kurudi. Tulipokunja kona ya kanisa niliona ng'ombe wa mzee mfugaji wakinitazama. Nikajiuliza, tangu lini ng'ombe hawa wanaonekana kutoka barabarani? Dereva akasema, "Ee madam, pamekuwa peupe hapa!"

Pamekuwa peupe kweli. Ua haupo. Kutoka mwanzo hadi mwisho visiki tu, na kando matawi yamerundikwa yanafuka moshi. Katikati ya shamba la bibi na boma la mzee imepita njia iliyofagiliwa, imemwagiwa maji vumbi lisitimke, na pande zote mbili yamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mwisho wa njia turubai limesimamishwa, viti vya plastiki vinashushwa, na juu ya nguzo mbili kuna kitambaa: KARIBUNI WAGENI WETU KUANGALIA NDEGE.

Wanafunzi wangu walikuwa hapo, darasa zima, na mafyekeo. Waliponiona wakashangilia. "Madam, tumemaliza!" Nusu yao macho yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatiririka machozi, kwa sababu utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni moto, na hakuna mtu mzima aliyefikiria hilo. Hakuna! Watoto wa watu wamepelekwa kukata minyaa bila kinga yoyote mikononi, ili mgeni asikute kichaka. Mzee mfugaji alikuwa anapita kati yao na kibuyu, anawaosha macho kwa maziwa, mmoja mmoja. Mbele yake ua alioupanda akiwa kijana unaungua.

Nilimfuata mwenyekiti. Sijui nilianza na neno gani, najua niliishia kupiga kelele.

"Ndege watakaa wapi?"

"Mwalimu, tulia."

"Nauliza ndege watakaa wapi! Nilikuonyesha kwa kidole!"

"Ndiyo ulituonyesha, ndiyo maana tumeshughulikia," akasema, na alikuwa anashangaa kweli, si mzaha. "Mwalimu, ulitaka wageni tuwaingize kwenye pori? Nyoka je? Wakirudi kwao waseme kijiji hiki watu wanaishi na vichaka kama fisi? Na hivyo vindege vilikuwa vimejificha, havionekani. Sasa patakuwa wazi, wataviona vizuri."

Akanionyesha viganja vyake. Vilikuwa na malengelenge. Alikuwa amefyeka na yeye mwenyewe, tangu alfajiri, na alisubiri nimshukuru. Hasira yangu ilikosa pa kukaa, na hasira isiyo na pa kukaa ni mbaya kuliko nyingine zote. Ningempata mwizi ningemtukana. Huyu alikuwa mwenyeji mwema.

Nikaenda kwa bibi. Nilimkuta kwenye kigoda, uso kaugeuzia kule kule. Nikashindwa kuamkia.

"Bibi, kwa nini uliwaruhusu?"

"Walisema ni wewe, mwalimu," akajibu. "Walisema mwalimu ameomba eneo liwe safi. Nikawaambia, kama mwalimu amesema, kateni."

Hakusema kwa lawama. Angelaumu ningepona.

Jumamosi wageni walifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakiwa na nguo za rangi ya udongo na darubini vifuani, wakinyata kama watu wanaoingia kanisani ibada imeshaanza. Wakapokelewa na spika. Akina mama waliimba, risala ikasomwa, mwenyekiti akashukuru, mtendaji akamshukuru mwenyekiti. Kitabu cha wageni kikazungushwa. Chai ya maziwa na maandazi vikaletwa. Mmoja wa Watanzania, mama mtaratibu, aliniinamia akaniuliza chinichini, "Mwalimu, huo ua uko upande gani?" Nikamwonyesha mawe. Akayatazama, akanitazama, akaacha kuuliza. Baadaye mbayuwayu mmoja akapita juu ya turubai, akienda zake. Mwenyekiti akamnyooshea kidole, na kijiji kizima kikapiga makofi. Wale wageni wawili wa nje nao wakapiga makofi, kwa adabu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, na hakuna mwenyeji aliyepona.

Wiki nzima sikumsalimia mwenyekiti. Nilitembea na hasira yangu kama mwanamke mwenye ndoo kichwani, shingo imenyooka. Kisha siku moja nilipita kwenye ile njia, nikayaangalia yale mawe vizuri. Yalikuwa yamenyooka. Hakuna hata moja lililotoka nje ya mstari. Na nikafahamu yalivyonyooshwa: unafunga kamba kwenye vigingi viwili, unaivuta, unapanga mawe kwa kuifuata kamba. Ni mimi niliyewafundisha. Kila mkaguzi akitangazwa shuleni, mwalimu wa mazingira ni nani? Ni mimi. Nani anawatoa watoto darasani, siku mbili bila masomo, wafyeke majani mpaka udongo ulie, wapake mawe chokaa, kwa sababu mgeni anakuja? Mkaguzi anakuja kuangalia kama watoto wanasoma, na sisi tunawaachisha kusoma ili tumpokee. Nimefanya hivyo miaka yote hii na sikuona kasoro. Wanafunzi wangu waliifanya kazi ile vizuri kwa sababu walikuwa na mwalimu mzuri.

Hilo halikuipunguza hasira. Liliigawa tu, na fungu kubwa nilibaki nalo mimi.

Ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya bibi kabla ya Pasaka. Safari hii fimbo hazikunyanyuliwa. Mzee mfugaji alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya bibi, akasema, "Dada, mimi bado nina mikono." Siku ya pili alikuja na punda amebeba vipande vya minyaa. Tukavichomeka, yeye, mimi, na kila Jumamosi wanafunzi wachache, wamevaa mifuko ya plastiki mikononi. Mnyaa si mgumu kushika. Lakini mnyaa wa miezi minane unafika magotini, na kandege ka kutoka Ulaya hakatafuti kichaka cha magotini.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja, na ikaja vizuri. Kijiji kizima kikashika jembe. Bibi akaweka kigoda mlangoni.

Kila asubuhi nikipita kwenda shule alikuwa ananiuliza, "Mwalimu, wewe una masikio mazuri. Kageni kamefika?" Nikasema bado, bibi. Wiki ya kwanza bado. Wiki ya pili bado. Rafiki yangu wa Tumati alinitumia sauti: hwiit, hwiit, na kicheko chake, kwamba wake wamefika kama kawaida, wangu wako wapi? Nilienda mpaka kwenye mgunga wa nyuma ya mashine, nikafumba jicho la kushoto, nikatafuta tawi kwa tawi. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshachomoza. Nilimwomba bibi apande. Nilimweleza habari za utabiri wa hali ya hewa. Akanisikiliza kwa heshima anayompa kila mtu aliyesoma, na hakupanda.

Ndipo nilipofanya jambo ninaloona aibu kuliko yote. Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, bibi akiwa amekaa pale pale, nilizunguka kimya nyuma ya ile miche midogo, nikachuchumaa kwenye matope, nikaishika simu karibu na ardhi, nikabonyeza. Hwiit. Nikasubiri. Hwiit.

Niliona kichwa cha bibi kikinyanyuka. Uso wake ulifunguka wote. Nikapata tumaini. Nikabonyeza tena, mara ya tatu, na uso ukarudi ulivyokuwa.

"Mwalimu," akaita, sauti ya kawaida kabisa. "Inuka huko, utalowa. Hako ka kwenye simu ni ka wapi?"

Nikainuka. Sikuwa na pa kujificha, ua si haupo.

"Ka Tumati, bibi."

Akatikisa kichwa polepole.

"Basi wa Tumati wapande," akasema. "Sisi tungoje."

Nikazima simu. Mvua ilikuwa inanyesha, na mashamba yote ya upande ule yalikuwa ya kijani isipokuwa la kwake.